Swali la Watoto

Barua iliwataka wafike saa tatu kamili asubuhi, mume na mke, wakiwa na kila kielelezo cha maisha yao ya pamoja. Mume alikuwa fundi wa lifti, mtu wa nchi jirani, na kibali chake cha kazi kilikuwa kimebakiza wiki sita. Alikuwa ameomba kukaa kama mume wa raia. Lakini ofisi ya uhamiaji ilikwisha kuchoshwa na ndoa za karatasi, zile ambazo watu hufungishwa Jumamosi, Jumatatu kila mmoja yuko kwao, na picha za harusi zinakaa kwenye bahasha kumngojea afisa.

Ndoa yao ilikuwa na miaka minne, na wala haikuwa ya karatasi. Ila kweli nayo ikidaiwa ushahidi, mwenye nayo hutokwa jasho. Wiki nzima waligeuza meza ya jikoni kuwa mahakama. Mke alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, akiingiza shuka mbichi kwenye mashine yenye rola za moto, na wenzake walimwita Pasi kwa sababu shuka ikipita mikononi mwake haikubaki na kunyanzi hata moja. Jina lilimganda, hata mumewe akalichukua.

"Tulikutana wapi?" Fundi aliuliza, kalamu mkononi kama hakimu.

"Kwenye lifti ya hospitali. Mimi na mkokoteni wa shuka chafu tumekwama kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, wewe uko juu unaniambia nisiogope."

"Ukajibu nini?"

"Kwamba siogopi lifti, naogopa harufu."

Wakacheka. Akamuuliza nani hulala upande wa ukutani, nani hukoroma, mama mkwe anaishi na nani. Pasi akajibu: mama anaishi na Kitinda, mdogo wangu wa mwisho, ana miaka kumi na minne.

"Mna watoto?"

"Hatuna bado."

Fundi aliitazama karatasi yake kidogo, kisha akaenda kwenye swali lililofuata.

Siku ya siku walikaa kwenye viti vya plastiki vilivyofungwa sakafuni, faili likiwa magotini mwa Fundi: mkataba wa nyumba, bili za umeme zenye majina yao yote mawili, picha, barua ya mwenye nyumba. Majina yao yalipoitwa, alitokea kijana mmoja aliyevaa tai na mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Kijana akampeleka Fundi chumba cha nne. Mama wa miwani akamwonyesha Pasi chumba cha sita.

Alimwapisha, akaanza. Pasi alijibu kama maji. Mumewe hunywa chai bila sukari lakini hula sukari kavu kwa kijiko akidhani haonekani. Ana kovu kwenye kiwiko, la waya wa lifti. Jana jioni walikula wali uliobaki wa juzi. Afisa aliandika, mara moja moja akatabasamu, na Pasi akaanza kuhisi mabega yakishuka.

"Wewe una watoto?"

"Hatuna bado."

Afisa akainua macho. "Sijauliza nyinyi. Nimeuliza wewe. Una mtoto?"

Silabi za mwanzo tu za neno, *hatu* na *si*, na miaka kumi na minne imesimama katikati yake.

"Sina."

"Hata mmoja? Wa kabla ya ndoa, aliye hai au aliyefariki?"

"Sina, mama."

Afisa akaandika, akatoka na karatasi zake. Alikaa huko kiasi cha kutosha Pasi kuhesabu matundu yote ya kiyoyozi cha ukutani. Aliporudi hakuwa na lile tabasamu.

"Nitakuuliza mara ya pili, na ukumbuke umeapa. Una mtoto?"

Mwanamke yule hakuwa amepandisha sauti, lakini Pasi alihisi kama mtu amemmwagia ndoo ya maji ya barafu mgongoni. Aliona mambo mawili kwa wakati mmoja. La kwanza, kwamba wanajua. La pili, kwamba akikana tena, kibali cha mumewe kimekwenda na maji.

"Ninaye," akasema. "Mmoja. Wa kike."

Hakuwahi kulisema neno lile kwa sauti tangu alipokuwa na miaka kumi na tisa. Lilitoka dogo kuliko alivyodhani.

"Kwa nini ulisema huna?"

"Kwa sababu hata mume wangu hajui."

Afisa alivua miwani, ikaning'inia kifuani. "Mumeo," alisema polepole, "ndiye aliyetuambia."

Pasi alisikia feni ya korido, alisikia mtu anagonga muhuri chumba cha jirani, na maneno ya afisa yalikuwa yakimfikia kama kutoka chini ya kisima. Mumewe amesema mkewe ana binti mmoja, wa miaka kumi na minne, anayelelewa na bibi yake kama mtoto wa bibi. Akauliza jambo moja tu: je, mkewe naye ataulizwa?

Mficha uchi hazai, walisema wahenga. Pasi alizaa kwanza, kisha akaficha. Au tuseme alifichiwa. Mimba ilipoonekana alikuwa bado shule, na mama yake hakupiga wala kulia. Alimpeleka mbali kwa ndugu, akamfuata huko baada ya miezi miwili akiwa amevaa madera mapana, na waliporudi mtoto alikuwa mgongoni mwa bibi. Baba, Mungu amrehemu, alifanya kazi mbali na kurudi likizo mara mbili kwa mwaka, na hesabu za miezi hazikuwa fani yake. Akafurahi kupata kitinda mimba uzeeni. Jina likabaki Kitinda. Pasi alirudi shule, kifua kikimuuma kwa maziwa, akafunzwa kumwita mwanawe mdogo wangu.

Afisa alimpa siku kumi. Anataka maelezo ya maandishi, kiapo cha bibi, na karatasi yoyote ya wakati ule. "Cheti cha kuzaliwa ni ofisi nyingine, huko mtajieleza wenyewe. Mimi nataka kujua kama ninyi wawili ni mume na mke. Wa karatasi, mama, hujibu sawasawa kila swali, kwa sababu wamekariri. Lakini uongo chini ya kiapo siwezi kuupita tu."

Fundi alikuwa akimngoja nje, kando ya ukuta, faili kwapani. Alipomwona uso alielewa.

"Nani amekuambia?" Pasi aliuliza. "Mama?"

"Si mama."

"Basi nani? Mwingine anayejua ni Mungu!"

Fundi alitazama viatu vyake. "Yeye mwenyewe."

"Nani mwenyewe?"

"Kitinda."

Pasi akakaa pale pale kwenye ngazi za ofisi, watu wakimpita kushoto na kulia. Fundi akachuchumaa mbele yake akamweleza. Miaka miwili iliyopita bibi alimtuma mtoto atafute dawa kwenye sanduku la zamani, na chini kabisa akakuta kadi ya kliniki ya utotoni, tarehe ya kuzaliwa ni yake, jina la mama ni la dada yake. Hakumuuliza bibi. Alikuja mpaka hospitali, akapanda ngazi mpaka chumba cha mitambo ya lifti, na sare ya shule mwilini, akasema: shemeji, hii ina maana gani?

"Akaniapisha nisikuambie. Alisema, akitaka ataniambia mwenyewe."

"Miaka miwili!" Sauti ya Pasi ilipanda hadi mlinzi akageuka. "Miaka miwili mnanitazama nikimwita mdogo wangu, nikimletea zawadi za mdogo wangu, na nyote mnajua? Mimi ni sinema yenu?"

"Pasi..."

"Na kwa nini umewaambia hawa? Jikoni hukusema, ukanisemea serikalini?"

"Aliniapisha yule kijana. Akaniuliza mke wako ana watoto wangapi." Fundi alihamishia faili kwapa la pili. "Nilitaka kusema hana. Nikaona uso wa mtoto. Nilishindwa kumkana, wala si wangu."

Hilo *wala si wangu* lilimchoma Pasi kuliko yote.

Jumamosi mchana walikwenda kwa mama. Walimkuta uani amekaa kwenye kigoda, anachagua maharage kwenye ungo. Fundi alisalimia, "Shikamoo mama," akaitikiwa, akaondoka kwenda kutazama bomba lisilo na tatizo lolote. Pasi akaeleza bila kupumzika, kwa sababu alijua akipumzika hataanza tena.

Mama alisikiliza mpaka aliposikia neno kiapo. "Umetuvua nguo mbele ya serikali," alisema. "Nilibeba aibu yako mgongoni mwangu, mwanangu, ili usome, uolewe kama wenzako. Leo unataka nisimame kwa wakili niseme mimi ni mwongo?"

"Najua ulivyobeba, mama."

"Hujui. Na huyu mtoto je? Atajisikiaje akijua?"

"Anajua. Tangu ana miaka kumi na miwili."

Ungo ulimponyoka. Maharage yakamwagika uani kote, na mama hakuyatazama. Alishika mdomo kwa mikono miwili, macho yamemtoka, na Pasi akauona uso wake mwenyewe wa chumba cha sita.

Na ndipo Kitinda akatokea mlangoni. Alikuwa amesikia, tena si kidogo. Alikuwa mrefu kumzidi Pasi, jambo ambalo Pasi aliliona siku zote na siku hiyo akaliona upya. Akapiga magoti, akaanza kuokota maharage.

"Kitinda," Pasi aliita. Kisha akakwama, maana hakujua amwite nani.

"Kila siku yangu ya kuzaliwa," msichana alisema bila kuinua kichwa, "nilikuwa najiambia, leo Dada atasema. Ukiniletea viatu, nasema atasema nikivivaa. Ukiondoka, nasema basi, mwakani." Akaweka konzi ya maharage kwenye ungo. "Sasa umekuja kusema kwa sababu ya kibali cha shemeji."

Pasi alikuwa amejiandaa kwa machozi, kwa matusi, hata kwa kukumbatiwa. Hakujiandaa kwa kweli tupu.

"Ndiyo," akasema. "Kama wasingeniuliza, nisingesema. Niliogopa. Mwanzo niliogopa watu, halafu nikaanza kukuogopa wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Kwamba utaniuliza kwa nini."

Bibi alikuwa akilia kimyakimya, khanga usoni. Hatimaye Kitinda alinyanyuka, akaingia ndani, akarudi na daftari la shule, na kutoka kwenye jalada lake akachomoa kadi iliyofifia rangi, kona zimekunjika kwa kushikwashikwa.

"Hii ndiyo wanayoitaka, siyo? Chukueni. Lakini mnirudishie. Ni yangu."

Jumanne bibi alisimama mbele ya wakili, mkono umeinuliwa, akasema kwamba mtoto aliyemwandikisha kuwa wake alizaliwa na binti yake. Alisoma sentensi ile mara mbili kwa sababu mara ya kwanza haikusikika. Waliporudi, walipofika mlangoni, alimwambia Pasi, "Nimekuwa mwepesi. Sikujua nilikuwa mzito hivyo."

Afisa wa miwani alipokea bahasha, akaisoma yote wakiwa wamekaa mbele yake. Aliigeuza kadi ya kliniki upande wa pili, akatoa nakala, akamrudishia Pasi kwa mikono miwili. Alimwonya kwa maandishi kuhusu kiapo, onyo likawekwa kwenye faili. Wiki ya tano, siku nane kabla ya kibali cha zamani kuisha, ujumbe ukaingia kwenye simu ya Fundi akiwa juu ya lifti: kibali cha miaka miwili, mume wa raia. Alimpigia mkewe simu akashindwa kusema, na Pasi, masikio yamejaa ngurumo za mashine, akadhani ameanguka. Alitupa shuka, akakimbia ngazi zote mpaka juu, akamkuta amekaa sakafuni analia kama mtoto, mzima wa afya. Alimpiga kofi la bega kwanza. Kumkumbatia kulikuja baadaye.

Msamaha kati yao haukuja siku ile. Kwa wiki kadhaa Pasi alikuwa akiweka kijiko chini ghafla katikati ya mlo, na Fundi akijua ni ile miaka miwili ya siri imempitia kichwani. Alikuwa akimsogezea maji, basi.

Kitinda aliendelea kumwita Dada. Cheti kilikuwa bado kwenye ofisi ile nyingine, ambako kila karani alimtuma Pasi kwa mwenzake. Lakini Jumapili moja mchana msichana alikuja peke yake, bila kutumwa na bibi, akakaa kwenye meza ya jikoni. Fundi akaaga kwamba ana lifti ya kuangalia, ingawa Jumapili hakuwa na zamu.

"Nina swali," Kitinda alisema. "Na usinijibu nusu."

"Uliza."

"Baba yangu ni nani?"

Kwa miaka yote hakuna aliyewahi kumuuliza Pasi hilo, hata mama yake. Alivuta kiti, akaketi kumkabili, akamtajia jina. Akamwambia alikuwa anakaa dawati la nyuma yake, alikuwa mwepesi wa hesabu, na aliposikia habari alihama shule bila kuaga.

"Yuko hai?"

"Yuko hai. Ana duka la vioo vya magari, mwendo wa nusu saa kutoka hapa. Nimelipita mara nyingi. Sijawahi kuingia."

Kitinda alichora duara mezani kwa kidole.

"Leo sitaki kwenda," alisema mwishowe. "Niambie mengine."

Pasi akamwambia.