Tangi Lina Fundi Wake

Fundi niliyeahidiwa dukani alikuwa kijana mwenye pikipiki. Aliyebisha hodi asubuhi ile alikuwa mtu mzima, mvi zimeanza kumshika pembeni mwa kichwa, begi la vifaa amelibeba begani kama mtoto aliyelala. Alikuwa akihema.

"Hapa ndipo penye tangi la choo linalovuja?"

"Ndipo. Ila nilikuwa namtarajia mwingine."

"Yule nimemwomba anipishe. Mwenye duka ni rafiki yangu wa siku nyingi, alinipigia simu ulipoondoka tu." Akachungulia ukumbini nyuma yangu. "Mama yupo?"

Nilimwambia Mama yuko kwenye kikao cha kina mama, atarudi baadaye. Sikumwambia kwamba ndiyo maana nilichagua asubuhi ile. Mama hakutaka tangi liguswe. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani na shahada yangu mpya, nikiamini kwamba kitu kibovu hubaki kibovu kwa sababu hajatokea mtu wa kukishughulikia, basi. Na tangi lile lilivuja tangu sijazaliwa. Kila nilipolitaja, Mama alisema, "Liache lilivyo," akaendelea na alichokuwa akifanya. Nilidhani ni ubahili. Nikanunua vali mpya kimyakimya, nikaificha chini ya kitanda kama barua ya mapenzi.

Nieleze kwanza tabia ya tangi lenyewe. Tulilipa jina la Bi Mkubwa, kwa kuwa halikuishiwa na malalamiko. Ukivuta maji ukaondoka zako kama watu wa nyumba nyingine, lilibaki likitiririka mpaka mtu aende kulibembeleza. Na kulibembeleza kulikuwa na utaratibu wake: unainua mkono wake wa chuma juu kidogo, unaushikilia hadi uhisi mnyororo umelegea ndani, kisha unagonga kifuniko kwa kifundo cha kidole, pembe ya kushoto, nyuma. Ukigonga mbele, umejisumbua bure. Hakuna mgeni aliyewahi kulijua hilo. Mgeni akitoka chooni, mmoja wetu aliinuka bila kusema neno akaenda kuimalizia kazi, na mgeni akajifanya anatazama picha ukutani.

"Acha kwanza nilione linavyofanya," fundi alisema.

Nilibaki ukumbini, mdomo wazi tayari kumwelekeza. Nikasikia maji yakivutwa. Yakashuka kwa kishindo. Halafu, kabla sijatamka neno, nikasikia *ko*, mlio mmoja mkavu wa kidole juu ya kaure.

Kukawa kimya.

Nimelelewa katika nyumba ile na sikumbuki kuwahi kuogopa kimya. Siku ile nilikiogopa. Niliingia chooni nikamkuta ameduwaa, anakitazama kidole chake kama kwamba kimesema siri bila ruhusa.

"Nani amekuonyesha pa kugonga?"

"Hakuna."

"Umeshawahi kufika hapa?"

Akashusha pumzi. "Hapo uliposimama, mwanangu, ndipo palipokuwa na karai nililoogeshewa. Aliyeniogesha ni mama yako. Mimi na yeye tumbo moja."

"Mama yangu alikuwa na mdogo wake mmoja tu," nilisema, "na alikufa."

"Ndiyo," alijibu kwa upole. "Ndiye mimi."

Nilikaa kwenye ukingo wa beseni la kufulia, na beseni likapinduka nami. Aliniinua kwa mkono mmoja. Nilimtazama masikio, yale masikio yaliyojitenga na kichwa ambayo nimeyabeba mwenyewe tangu shule ya msingi, nikitaniwa kwamba siku ya upepo nitapaa. Nilikuwa nimemlilia mtu huyu. Nilikuwa nikimwombea kila ninapolala.

"Nimekutaja kwenye ukurasa wa shukrani wa tasnifu yangu," nilisema. Sijui kwa nini nilichagua kusema hilo.

"Kweli? Umesemaje?"

"Marehemu mjomba, ambaye sikujaliwa kumwona."

Akacheka kidogo, macho yamejaa maji. "Si haba. Wapo wazima wasiotajwa popote."

Alifunga koki ya ukutani, akavuta maji yaliyobaki, akayakausha ya chini kwa kitambaa. Alisimulia huku akifanya kazi, nami nikadhani hivyo ndivyo alivyoweza kusimulia: uso ndani ya tangi. Alipokuwa kijana aliacha shule akaenda kujifunza ufundi bomba. Babu hakupenda. Siku moja, ili amwonyeshe, alilifungua tangi hili lililokuwa likidondosha kidogo tu na kunyamaza likigongwa pembe ileile, akabadilisha vali, akalirudisha. Likaanza kutiririka. Wageni walikuwa wamejaa sebuleni. Babu akasema mbele yao wote, "Huyu ndiye fundi wetu, choo cha kwao kimemshinda," na sebule nzima ikaangua kicheko. Mjomba akafungasha. Mlangoni alimwambia babake kwamba atarudi kulitengeneza siku atakayokuwa fundi kweli, na kabla ya hapo asiulizwe.

"Sasa ungerudi lini?"

"Nilikuwa fundi kweli zamani. Ila aibu nayo ina mizizi." Alizifungua boliti mbili chini ya tangi, akaliinua kifuani, akalilaza juu ya gunia kama anayelaza mgonjwa. "Habari ya msiba wa Baba ilinikuta mbali. Nilifika watu wanakusanya viti. Mama yako alikuwa langoni. Alinitazama hivi, akasema, 'Nilikuwa na ndugu, amekufa.' Nikageuka."

"Ukageuka tu?"

"Maneno ya mfiwa hayabishiwi. Lakini nilipita dukani, nikamwambia rafiki yangu: siku mtu wa nyumba ile akija kununua vali, nijulishe. Lile tangi ni la zamani, vali yake haifanani na nyingine. Nilijua nitapata habari."

Alilipindua tangi. Chini kulikuwa na nati kubwa ya plastiki, imekaa upogo, upande mmoja umepanda juu ya mwingine. Akaipitishia kidole gumba.

"Hii niliifunga mimi," alisema. "Itazame. Nilikuwa na haraka ya kusifiwa."

Hatukusikia mlango wa mbele. Nilichosikia ni mkoba wa Mama ukianguka ukumbini.

Aliliona tangi kabla ya kumwona mtu. "Nani kalifungua?" Sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ndiyo sauti ya kuogopwa kwetu. "Nimesema nini mimi kuhusu tangi hili?"

"Mama, nilitaka kukusaidia tu."

"Nimesema liachwe. Lina fundi wake."

Mtu aliyechuchumaa akageuka. "Shikamoo, dada."

Sijawahi kumwona Mama akishikilia ukuta. Aliushika kwa viganja vyote viwili. Nilisubiri aitikie, kama anavyomwitikia hata mtoto wa mpita njia. Hakuitikia. Alimtazama kuanzia mvi hadi viatu, na midomo yake ilikuwa imepauka.

"Umezeeka," alisema hatimaye.

"Nimezeeka, dada."

"Toka nyumbani kwangu."

Mjomba akasimama. Kisha wote watatu tukatazama sakafu: tangi kwenye gunia, boliti kwenye kifuniko cha kopo, mpira uliooza umebaki vipandevipande, na sinki la choo limekaa peke yake ukutani kama mtu aliyekatwa kichwa. Hata hasira ina mipaka. Nyumba ile ilikuwa na choo kimoja.

"Maliza kwanza," Mama alisema. "Ukimaliza, uende. Ahadi yako ilikuwa ya tangi tu."

"Sawa." Alichuchumaa tena, halafu mkono ukasita. "Ulisema lina fundi wake. Nani?"

Mama alilitazama tangi lililolala kwenye gunia.

"Muulize Baba. Majirani walimletea mafundi, akawarudisha mlangoni. 'Tangi hili lina fundi wake, atakuja.' Bili ya maji ikija kubwa, yeye analipa na kutabasamu kama mwehu. Hata alipokuwa hawezi kuinuka, akisikia maji yanatiririka ananiambia, 'Nenda ukaligonge, usilitengeneze. Mwenzako asije akakuta kazi yake imefanywa.'"

Spana ilimponyoka mjomba ikagonga sakafu. Hakuiokota. Alikaa chini palepale kwenye maji, suruali ikalowa, wala hakuonekana kuhisi.

"Mimi nilijua amekufa na kinyongo," alisema.

"Alikufa akikusubiri."

"Hukuniambia, dada."

"Nani huzungumza na maiti?"

Hapo nilishindwa kujizuia. Mimi ni mtoto niliyefundishwa kutoingilia mazungumzo ya wakubwa, lakini swali lilinitoka lenyewe. "Mama, Babu ameondoka siku nyingi. Na mjomba ulisema amekufa. Wewe ulikuwa unamwekea nani?"

Aligeuka akanitazama kama niliyempiga kofi. Akaokota mkoba wake, akaenda jikoni. Tulisikia kabati likifunguliwa na kufungwa, likafunguliwa tena, bila kitu kutolewa.

Mjomba alirudi kazini. Alisugua tundu la tangi mpaka kaure ikang'aa, akaingiza vali mpya na mpira wake kwa ndani, kisha akaanza kuikaza nati kwa chini, kwa vidole, taratibu, akiinamisha sikio. Hakuna mtu aliyekuwa akimharakisha sasa. Nilimtazama na moyo ukaniuma. Kwa kila mzunguko wa nati ile alikuwa anajisogeza mlangoni.

Nikachuchumaa karibu naye. "Mjomba," nilinong'ona, "ilegeze kidogo."

"Nini?"

"Kidogo tu. Livuje baada ya siku chache. Mama atalazimika kukuita. Ukija mara ya pili atakuwa amepoa."

Alinitazama, na nikaona kwamba wazo lile halikuwa geni kwake. Lilikuwa limeshapita kichwani mwake kabla ya kufika mdomoni mwangu. Mikono ilisimama juu ya nati. Kutoka jikoni hapakuwa na sauti yoyote.

"Una moyo mzuri, mpwa wangu," alisema. "Na akili ya mwizi." Akatabasamu kwa shida. "Hii niliwahi kuifunga vibaya kwa kutojua, mzee akalinda ubovu wangu hadi kaburini. Nikiifunga vibaya leo kwa kujua, nitamwambia nini?"

Akashika spana, akaipa nati robo mzunguko ya mwisho. Isizidi, kaure isipasuke. Akaweka mpira mnene chini ya tangi, akalirudisha juu ya sinki, akakaza boliti moja kidogo, nyingine kidogo, akirudia ya kwanza, mpaka tangi likakaa sawa kama kwamba halijawahi kuondolewa. Akaunga bomba. Akafungua koki. Bi Mkubwa akajaa, akakata maji yake mwenyewe, akanyamaza.

"Tunalipima," alisema. "Kuna rangi ya keki humu ndani?"

Sikuwa hata nimeinuka. Mama alitokea mlangoni na kichupa chekundu mkononi, na nikaelewa alikuwa nyuma ya ukuta muda wote. Hakumpa mkononi. Alikiweka sakafuni baina yao, naye akakivuta kwa ncha ya kidole.

Aliyadondoshea maji ya tangi rangi hadi yakawa mekundu kama damu, akafunika. "Tunasubiri bila kuvuta. Vali ikiwa inapitisha, wekundu utatokea chini, kwenye sinki. Isipopitisha, maji yatabaki meupe."

Hivyo tukasimama, watu watatu wenye akili timamu, tukiangalia ndani ya choo. Nilitazama yale maji meupe nikaomba dua ambayo nadhani haijawahi kuombwa: yawe mekundu. Yatokee mekundu kidogo tu, kama uzi. Nilimtupia Mama jicho, na nilichokiona kilinishtua kuliko yote ya siku ile. Alikuwa ameinama kuliko sisi sote, mkono mdomoni, akiyatazama maji kama anayesoma habari ya mgonjwa wake. Mama alikuwa anataka livuje.

Maji yalibaki meupe. Tulisubiri mpaka miguu ikafa ganzi. Mjomba aliinua kifuniko, tukaona wekundu umekaa palepale ndani ya tangi, haujapungua hata unywele.

"Halivuji," alisema.

"Halivuji," Mama alirudia.

Mjomba akavuta maji. Wekundu wote ukashuka kwa kishindo, ukazunguka, ukaenda. Bila kufikiri, mikono mitatu ilinyooka pamoja kuelekea pembe ya kushoto ya kifuniko, nyuma, kisha ikasita hewani. Hapakuwa na haja. Tangi lilijaa, likanyamaza lenyewe.

Alifuta vifaa vyake kimoja kimoja, akavirudisha begini. Vali ya zamani akaitia mfukoni. Akasimama, akalibeba begi begani.

"Nimemaliza, dada. Naenda kama tulivyokubaliana."

Mlango wa choo chetu ni mwembamba. Akisimama mtu pale, mwingine hapiti. Mama alisimama pale, mikono kwenye miimo yote miwili, akimtazama mdogo wake, ambaye yeye mwenyewe alimwogesha utotoni, na hakusogea.

"Marahaba," alisema.