Ufunguzi wa Mwamba wa Kitumbi

Kamati ya Mwamba wa Kitumbi inawatangazia wanakijiji wote kuwa viti vya plastiki vya sherehe ya ufunguzi havitapangwa tena dikoni, pale zinapotia nanga mashua, bali katika uwanja wa skuli, na kwamba viti vyenye mikono ni vya wageni rasmi.

Tangazo hilo lilisomwa msikitini baada ya sala ya Ijumaa, kwa sauti ile ile inayotumika kutangaza maziko.

Mwamba wenyewe, ulio mkabala na kisiwa cha Kojani, ulikuwa umefungwa usivuliwe ili samaki wazaliane. Ukiwa umefungwa, bahari ilipata joto kupita kiasi mwaka 2024. Matumbawe yakapauka, kisha yakafa. Hilo halikutangazwa.

Aliyeshikilia ufunguliwe kabla ya muda wake ni Msellem, nahodha wa juya, wavu mkubwa wa kukokota, na mjumbe wa kamati. Sababu yake ilijulikana na kila mtu. Mwanawe mkubwa alikwenda dago, katika kambi za wavuvi za pwani ya bara, na kilichorudi ni mkoba wake wa nguo. Alibaki mdogo, Ame, ambaye wenzake walikwisha kuanza kufunga mizigo ya dago. Baba mwenye samaki nyumbani angeweza kumwambia mwanawe abaki.

Katika kikao cha kamati kilichokata shauri alikuwapo Haitham, bwana samaki wa serikali kutoka Wete, ambaye alikuwa amezamia mwambani wiki hiyo. Aliomba wasubiri.

"Pono wamejaa, Bwana Haitham," alisema Msellem. "Au miwani yako ya kuzamia ina ukungu?"

Watu walicheka.

"Wamejaa, Mzee Msellem. Wamejaa kwa sababu matumbawe yamekufa. Tumbawe likifa huota ukoga, na pono chakula chake ukoga. Mkiwamaliza, ukoga utafunika mwamba wote, na tumbawe changa halitapata pa kushika."

"Kwa hiyo wao wafagie, na sisi tukae na njaa tukiwatazama?"

"Na samaki kipepeo, mmewaona?"

"Kipepeo haliwi, yakhe!"

"Haliwi. Lakini yeye hula matumbawe hai; mdomo ule mwembamba haukuumbwa kwa kazi nyingine. Sikumwona hata mmoja."

Vitabu husifu mdomo wa namna hiyo, na kwa haki, kwa kuwa umenolewa na vizazi visivyohesabika. Havielezi sana hali ya mwenye mdomo baada ya chakula chake kuondoka. Kamati ilipiga kura kwa mikono. Haitham hakuwa na kura.

Siku ya ufunguzi, baada ya hotuba, Msellem aliingiza watu wake majini kwa kigumi: wazamiaji hujipanga nusu duara, wakayapiga matumbawe kwa miti ili samaki watoke mafichoni na kukimbilia wavuni. Uvuvi huo umepigwa marufuku kwa miaka mingi. Wageni rasmi walikuwa bado wanakula.

Zamani pigo lilimrudia mpigaji hadi begani. Safari hii mti ulizama, na tawi zima likavunjika kama chaki. Visamaki vilivyozoea kujificha matawini vilirudi pale pale lilipokuwa tawi, vikabaki vikizunguka juu ya kifusi.

Ame alitoa kichwa juu ya maji. "Baba, jiwe limeoza!"

"Piga."

Walijaza mashua, na kijiji kizima kikala pono. Mwezi haukuisha. Ukoga ulitanda mwambani kama zulia lililosahauliwa mvuani, na juya likawa linaleta vifusi tu. Ame akaanza kufunga nguo zake za kwenda dago.

"Nenda Wete, pale Jadida, kwa shangazi yako," Msellem alimwambia. "Ana duka. Utamsaidia."

"Miye nikauze biskuti, Baba? Miye najua kuzama tu."

"Utajifunza."

"Na weye mbona hukujifunza?"

Msellem alimsindikiza hadi bandari ya Mkoani, akambebea mkoba mpaka mlangoni mwa meli, na hakuuachia mpaka Ame alipouvuta.

Wiki iliyofuata kamati ilikutana. Msellem alihudhuria, akaketi mahali pake, na mikono ilipoinuliwa, wake ulikuwamo. Uamuzi ulisomwa kama ifuatavyo: Mwamba wa Kitumbi umefungwa tena kwa miaka miwili kuanzia leo, ili samaki wapate kuzaliana na vijana wapate sababu ya kubaki kijijini.