Mbwa wa Dirishani kwa Bodil

Miaka thelathini na nane nimepika kwenye meli za mizigo. Sasa nimestaafu, nimerudi mji wetu wa kisiwani, Marnæs, nakunywa kahawa jikoni kwangu, na kila siku saa nne asubuhi watalii wanasimama chini ya dirisha langu kuambiwa kwamba sipo.

Kisa ni mbwa wawili wa kauri waliokaa dirishani. Kwenye miji yetu, mume akiwa baharini mke huwageuza watazame barabarani. Akirudi, huwageuza watazame ndani. Wa kwetu wanaikodolea macho barabara tangu Machi nilipotua. Nikiwageuza, mke wangu Bodil anawarudisha bila kusema neno. Iliniuma, kusema kweli. Mtu unajiuliza: huyu mke wangu ananitaka au hanitaki?

Jumanne nikasema liwalo na liwe. Nikapanda basi hadi Tranby, mji wa pili wa kisiwa, nikajichomeka kwenye kundi la watalii nisikie tunavyotangazwa. Kiongozi wao Signe, binti wa Copenhagen mwenye wiki tatu kisiwani, alikuwa anajua kila kitu. Tukapiga picha mlango. Tukapiga picha mlango mwingine. Kwenye vibanda vya kuogea ufukweni, ambavyo choo changu kinavishinda upana, Mjerumani mmoja akauliza vinauzwa wapi. Akaambiwa haviuzwi, vinarithiwa. Maskini, alisimama pale kama aliyefiwa.

Basi lao lilipotufikisha Marnæs tukamkuta jirani yangu Jens Ove akipaka mlango rangi, watalii wakaachia vilio vya furaha. Jens Ove hupaka mlango huo kila kivuko kikishusha wageni. Tangu Mei haujapata nafasi ya kukauka.

Kisha tukafika kwangu.

"Hapa anaishi mke wa baharia," Signe akashusha sauti. "Mumewe bado yuko mbali. Anamsubiri."

Watu wakaguna kwa huruma.

"Mume ndiye mimi!" nikafoka. "Nimekunywa kahawa humo leo asubuhi!"

Wakanipigia makofi. Walidhani nimo kwenye bei ya tiketi.

"Babu anachekesha," akasema Signe. "Haya, tusogee, kuna aiskrimu."

"Babu yako nani? Bodil! Toka uwaambie!"

Bodil akatoka. Kavaa koti la safari, sanduku mkononi.

"Vagn, punguza makelele, watu wanatazama."

"Waambie nimerudi!"

"Karudi," akawaambia. "Tangu Machi. Kazi yake kusoma gazeti." Akanigeukia. "Mbwa hao si kwa ajili yako, mzee. Safari hii msafiri ni mimi, nao wanatazama njia yangu. Nimekwambia mara tatu naenda Ureno na dada yangu, ukaitikia 'mm', ukafunua ukurasa."

Na kweli, nilikumbuka ile "mm".

"Unarudi lini?" nikauliza.

"Mzigo ukishashushwa."

Hilo ndilo jibu nililompa kwa simu kutoka kila bandari, miaka yote, kisha nakata, nakwenda kukaanga samaki wangu. Sikuwahi kujua linauma hivi. Akanibusu shavuni, Signe akampokea sanduku, na kundi zima likamsindikiza hadi kivukoni likimpiga picha.

Nikaingia jikoni nijipikie chakula cha mchana. Nilifungua kabati zote. Mpishi mzima, sikujua mke wangu anaweka wapi chumvi.