Majani ya Chini

Mama Mapacha alikuwa anaiba mboga nyumbani kwake mwenyewe, na wizi wenyewe aliufurahia.

Zilikuwa nyuma ya nyumba, karibu na bomba: matuta mawili ya sukuma wiki, na nyanya kwenye makopo ya rangi. Aliyelima ni mumewe, kinyozi, na zilipostawi akapiga marufuku. Hakuna kuchuma hata jani moja mpaka baba mkwe aje azione kwa macho yake. Maana siku ya posa mzee huyo alimshika mkono mbele ya watu, akaugeuzageuza, akasema mikono laini namna hii haiwezi kuotesha hata nyasi. Watu walicheka, yakaisha. Kwa kinyozi hayakuisha.

Sasa baba mkwe naye akawa mtu wa kesho. Leo goti, kesho mvua, keshokutwa ana wageni. Na sukuma wiki haina subira. Usipochuma jani la chini linakuwa gumu, linageuka manjano, linabaki kulisha wadudu. Mama Mapacha alivumilia mpaka ikamshinda. Mumewe akishafika kona ya barabara, yeye huyo bustanini! Anashusha jani moja au mawili kila shina, anayakata membamba, anayapitisha motoni kidogo tu na nyanya na kitunguu, yasipoteze rangi. Kinyozi alikuwa akimwagilia kila jioni, lakini macho yake yalikuwa juu tu, akifurahia zinavyorefuka. Chini hakuangalia.

"Za sokoni hizi?" humuuliza mezani, mashavu yamejaa.

"Sasa za wapi?"

"Huyo muuza mboga mshike, usimwache. Ila ngoja tuje tule zetu, mama. Utajilamba mpaka kiwiko."

Mapacha wakitaka kucheka, mama yao anawatolea macho. Lakini usingizini alikuwa hana raha. Bustani ile ilikuwa heshima ya mumewe, na yeye ameichezea. Siku ya kukamatwa atasema nini?

Jumapili moja mzee akaja kweli, bila taarifa. Alimpitia mkwe wake kwenye banda la kunyolea, wakaongozana moja kwa moja mpaka kwenye bomba, shati la kinyozi bado lina nywele za wateja. Mama Mapacha akasimama mlangoni na mwiko mkononi.

Mzee aliinama, akapitisha kidole kwenye shina kutoka udongoni kwenda juu. Shina lilikuwa na makovu, kovu juu ya kovu, kila palipotoka jani.

"Mkwe wangu, haya yanachumwa."

"Hapana, baba, hakuna aliyegu..." Kinyozi akainama naye. Akaligusa kovu. Akageuka taratibu kumtazama mkewe, na mkewe akautazama mwiko.

"Nakusifu," mzee akaendelea, hana habari. "Watu wanapanda, halafu wanaona uchungu kuchuma, mboga zinawazeekea. Wewe unatoa za chini, unaacha kichwa. Ndiyo maana zimenawiri. Siku ile nilikusema vibaya, mwanangu. Mkono huu ni wa mkulima."

Maneno hayo kinyozi aliyangoja tangu posa. Angeweza kuyapokea akanyamaza, na Mama Mapacha aliomba anyamaze.

"Kulima nimelima mimi, baba," akasema. "Mkono wa kuchuma ni wa mwanao. Mimi kazi yangu imekuwa kuzila na kumsifu muuza mboga."

Mzee alicheka mpaka akashikilia bomba. Kinyozi naye akaangua kicheko, mapacha wakafuata, na Mama Mapacha akampenda mumewe saa ile kuliko siku ya harusi.

"Njoo nikufundishe," akamwambia, akaushika mkono wake. "Usivute. Lisukume chini, hivi."

Jani likakatika kwa mlio mdogo, bichi, la baridi. Kinyozi alilinusa. Akachuma la pili, kisha la tatu, akahamia shina jingine, uso unamwaka kwa furaha, akirusha majani nyuma bila kuangalia yanaangukia wapi. Mkewe akamkimbilia na beseni.

"Inatosha, baba!"

"Bado hili."

"Hicho ni kichwa! Acha hicho!"

Mzee alikuwa amekwisha kunja mikono ya shati na kuingia tuta la pili.