Shingo za Bata wa Lisekese

Naapa kwa kaburi la bibi yangu aliyezikwa Chidya, na anayetaka nimpeleke akalione nitampeleka: haya yote ni kweli tupu. Kama kuna chumvi humu, ni ile niliyopaka kwenye nyama, na hata mke wangu Anjelina alikubali kwamba haikuzidi.

Ulikuwa mwaka ule wanunuzi binafsi wa korosho walipofurika Masasi, kila mmoja na mizani yake na maneno yake matamu. Mimi nilikuwa nimekwisha kustaafu ukarani wa ghala, nimebaki na mikorosho yangu ya Lisekese na bata. Wale wanunuzi walichagua korosho kama mtu anayechagua mchumba. Iliyosinyaa hawataki, iliyonyeshewa hawataki. Nikawa nazirudisha nyumbani, nazikaanga, nazibangua, nawamwagia bata.

Bata wale walinenepa hadi wakasahau kutembea. Asubuhi walitoka bandani kwa kubingirika. Dume lao, nililolipa jina la Gavana, siku moja lilikaa mlangoni likashindwa kuinuka, ikabidi niingie nyumbani kwangu kwa dirisha. Anjelina alishuhudia, ingawa ukimuuliza atakataa.

Sasa, binti yetu Maria alikuwa mwalimu kule Newala, na ndiyo kwanza amejifungua. Mtoto alikuwa mzima, lakini Maria alipoteza damu nyingi, na mumewe alikuwa mbali kwenye kazi za barabara. Muuguzi alisema ale nyama, ale tena, damu irudi. Kula nyama kila siku kule juu mlimani kwa mshahara wa mwalimu ni ndoto, na nyama mbichi ukiibeba kutoka Masasi kwa lori, inafika ikiwa na watu wake wa kuipokea, yaani nzi.

Nikamwambia Anjelina nitapika nyama itakayokaa mwezi mzima bila kuharibika. Namna hiyo niliisikia kwa bibi Ethel, aliyewahi kuwa mpishi wa masista kule Lulindi. Unachukua bata mnono, unampaka chumvi, unamlaza. Kesho yake unamfuta, unamzamisha katika mafuta yake mwenyewe, unampika kwa moto mdogo kutwa nzima. Mafuta yasichemke. Yatetemeke tu, kama mtu anayezuia kicheko kanisani. Nyama ikianza kuachia mfupa, unaipanga koponi, unamimina mafuta juu hadi ifunikwe kabisa. Yakiganda, hewa haina pa kupita.

Anjelina alikuwa aondoke Jumatano alfajiri na lori la kwenda Newala.

"Baba Maria," akasema, "nyama hii isipofika kwa mwanangu, usinifuate. Mimi nitakaa huko nilee mjukuu, na wewe utabaki hapa ulee Gavana."

Alisema taratibu, bila hasira. Hapo ndipo nilipoogopa.

Ilibaki shughuli ya kuchinja. Maria alikuwa amepanga kwa Bi Rahima, Mwislamu, wakila sahani moja kama mtu na dada yake, kwa hiyo lazima bata wachinjwe na Mwislamu. Miaka yote mchinjaji wangu alikuwa jirani yangu Swalehe. Lakini Swalehe pia ni mtani wangu, ukoo wake na ukoo wangu wanataniana tangu mababu. Mtani akiingia jikoni kwako akabeba chungu, unacheka. Ukinuna, au ukimficha chakula akakubamba, unalipa faini anayoitaja yeye. Mwaka uliopita alinibebea sufuria la wali pamoja na mfuniko, na mfuniko sijauona hadi leo.

Kwa hiyo niliwatia bata wawili kwenye tenga, nikawafunika, nikazunguka nyuma ya soko hadi kwa mzee Lukmani, mchinjaji mwingine.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Kasiani. Swalehe anaumwa?"

"Ana shughuli."

Akachinja. Desturi yetu ni kwamba mchinjaji huchukua shingo. Nilipotaka kumkatia, akanizuia.

"Mimi mgane, jiko langu limelala. Nipikie kabisa. Kesho huenda ikawa futari yetu ya mwisho, mwezi ukionekana. Nitafuturia hizo shingo."

"Zitakufuata hapa hapa kesho jioni, mzee."

Mwaka ule, ajabu yake, Ramadhani ilikuwa inaishia palepale Kwaresima inapoanzia. Mwezi ukionekana Jumanne, basi Jumatano wao wanakula Idd na sisi tunapakwa majivu.

Jumanne asubuhi nikaingia jikoni. Jiko letu liko uani, kijumba cha udongo chenye mlango mmoja, hakina dirisha, kina tundu tu la paka kwa nyuma. Nikabandika sufuria, shingo nikazitia pamoja na vipande vingine, maana ngozi ya shingo ya bata ina mafuta usiyoyatarajia. Moto nikauweka wa kigogo kimoja. Mafuta yakaanza kutetemeka vizuri, na harufu ikatoka.

Harufu ile sijui niielezeje. Mbuzi wa jirani aliacha majani. Na baada ya mbuzi akaja Swalehe, kanzu yake safi, mkeka kwapani.

"Hodi, mtani. Unapika nini mchana wa Ramadhani?"

Ulimi wangu ukanitangulia. "Dawa," nikasema. "Ya viungo. Magoti, viuno, vyote."

"Ahaa. Dawa ya mafuta?"

"Ya mafuta na mizizi. Mizizi imezama chini."

Swalehe akatikisa kichwa kwa heshima, akatandika mkeka wake mlangoni kabisa, miguu huku, kichwa kule.

"Basi umefanya vizuri kuniambia. Dawa ya kupikwa kutwa ina miiko, na mtu peke yake huweza kujisahau. Mpishi hatoki jikoni mpaka jua lizame. Haonji. Mwanamke haingii. Na mpishi hasemi na mkewe, dawa inageuka sumu. Nitakulinda."

"Usijisumbue, una swaumu."

"Kivuli chako kizuri. Nitasumbuka kidogo."

Ndivyo nilivyofungwa ndani ya jiko langu mwenyewe, na kufuli nilikuwa nimeliweka mimi. Jua lilipanda, bati likaanza kulia juu ya kichwa. Moshi ulikuwa hauna njia ila kupitia mimi. Mafuta yakitaka kuchemka navuta kigogo, yakitulia nakisukuma, jasho linaingia machoni, na haja ndogo, mniwie radhi, inagonga mlango. Nikainuka nusu.

"Mtani," Swalehe akasema bila kufumbua macho, "kaa. Dawa inakuona."

Anjelina akaja na maji ya kunywa. Swalehe akamnyooshea mkono. "Mama Maria, hapana. Ni mwiko wa dawa."

"Dawa gani?"

Nilimkonyeza kutoka ndani, lakini moshi ule, hata ningecheza ngoma asingeniona. Akasimama pale na kikombe chake. Anjelina si mjinga. Aliona mlinzi wa mlangoni, akajua chungu cha Maria kimezingirwa. Akasema tu, "Basi hiyo dawa ifike kwa mgonjwa wake," akaenda zake akayanywa yale maji mwenyewe.

Habari ya dawa ikaenea kama nimeipiga redioni. Adhuhuri alifika Dastani, mzee wa kanisa, na goti lake. Nilijaribu kumwambia haijaiva. Swalehe akasema iliyo nusu ndiyo inayopenya. Ikabidi nichote mafuta ya mwanangu Maria kwa kijiko, niyapoze, nimpake Dastani goti zima. Akainuka, akasema anasikia joto. Alipoondoka mbwa wawili walimfuata, na naapa tena, walimlamba goti hadi nyumbani kwake, na goti lile halijamuuma tangu siku hiyo. Kila kijiko kilichotoka kilinitia baridi. Mafuta yakipungua yasifunike nyama, kopo halitafika hata nusu ya njia bila kuvunda.

Baadaye kidogo ndipo nikakumbuka shingo.

Mzee Lukmani alikuwa anazingoja. Nisipozipeleka atazifuata, atakuja kwa miguu yake na kuziulizia kwa sauti yake ya muadhini, mbele ya Swalehe. Swalehe akijua ni bata, na kwamba nilimkwepa yeye nikachinjisha kwingine, faini ataitaja mwenyewe, na atataja sufuria. Nami nitapaswa kucheka huku chakula cha mwanangu kikienda.

Nikazivua shingo polepole kwa kijiti. Zilikuwa zimeiva, zinaning'inia kama kamba. Nikazifunga kwenye jani la mgomba lililokuwa likifunika sufuria. Swalehe alikuwa ameinuka, anasema anakwenda kutawadha kwa ajili ya alasiri, na nikamsikia anakohoa kuelekea upande wa banda. Huku nyuma ya jiko, penye mtungi, nikasikia maji yanamwagwa na nyayo laini. Anjelina anaosha vyombo, nikasema moyoni. Nikalala kifudifudi kwenye majivu, nikapitisha kifurushi katika tundu la paka.

"Chukua," nikanong'ona. "Kimbia nazo kwa Lukmani. Kwa njia ya nyuma."

Mkono ukapokea. Haukusema neno, nami nikausifu kwa kushika mwiko.

Baada ya hapo nilikaa kama mfalme. Swalehe akarudi, akasali, akaketi. Nyama ikaachia mfupa jinsi bibi Ethel alivyosema. Nikaipanga katika kopo kubwa la maziwa ya unga, nikachuja mafuta kwa kitambaa, nikaacha ule mchuzi wa chini kwa sababu ndio unaoozesha, nikamimina. Yalifunika nyama kwa unene wa kidole. Kidole kimoja tu, na ningempaka Dastani kijiko kingine isingebaki hata kucha.

Jua likazama. Adhana ikasikika, na watoto wakaanza kupiga kelele kule barabarani kwamba mwezi huo hapo. Swalehe akala tende yake, akanywa maji, akashukuru. Kisha akaingiza mkono ndani ya mfuko wa kanzu, akatoa kifurushi cha jani la mgomba kilicholoa mafuta, akakifungua juu ya mkeka.

"Mtani," akasema, "hii dawa, inapakwa au inatafunwa?"

Nilitafuta jibu. Mimi sijawahi kukosa jibu, watu wa Lisekese watakwambia. Nilikuwa nimekwisha kupata moja, kuhusu mizizi inayofanana na shingo na inayoota karibu na Ruvuma tu, nikafungua kinywa.

"Hodi hapa," ikaingia sauti ya mzee Lukmani. "Kasiani, nimengoja hadi nimechoka. Shingo zangu za bata ziko wapi?" Halafu akaona mkeka. "Loo, Swalehe. Mbona unazifunua shingo zangu?"

"Nazilinda, mzee," Swalehe akasema. "Karibu. Tangu alasiri nimezibeba kifuani na swaumu yangu. Sijui kama kuna mtu Masasi nzima aliyefunga kama nilivyofunga mimi leo."

Wakacheka hadi Lukmani akashika ukuta. Anjelina alikuwa amesimama uani, na yeye hakucheka. Alikuwa anatazama kopo lililokuwa mikononi mwangu.

Swalehe akavua kilemba, akakifunga kutoka mwimo mmoja wa mlango hadi mwingine. Ndivyo mtani anavyofunga njia: unapita ukilipa.

"Umenificha chakula. Umempelekea mtu mwingine achinje. Umempaka mzee wa kanisa mafuta ya bata. Sasa nataja faini."

"Shemeji Swalehe," Anjelina akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Hiyo nyama ni ya Maria. Ana damu kidogo."

Swalehe akanigeukia. Akanitazama mimi, si kwa utani.

"Kwa nini hukuniambia ni ya mzazi? Mtani gani anayebeba chungu cha mzazi?"

Akainua kilemba kwa mkono mmoja, akapokea kopo, akampa Anjelina kwa mikono miwili. Kisha akakishusha tena.

"Kopo limepita. Mtu hajapita. Kesho ni Idd, mtani, na mimi ninamtaka Gavana."

Nikamwambia Gavana ni mzee, nyama yake ngumu kama kiatu.

"Ndiyo maana utampika wewe. Kwa moto mdogo, kutwa. Jikoni kwangu."

"Kesho ni Jumatano ya Majivu. Sisi hatuli nyama."

"Vizuri. Hutaonja."

Alfajiri Anjelina alipanda lori, kopo amelipakata, mafuta yameganda meupe juu. Siku chache baadaye aliniletea salamu kwa dereva: nyama imefika nzima, Maria anakula, Bi Rahima anaulizia nimeweka nini. Aliongeza kwamba naruhusiwa kumfuata.

Lakini Jumatano yenyewe nilitoka kanisani na msalaba wa majivu kwenye paji la uso, nikaingia jikoni kwa Swalehe, nikaketi mbele ya sufuria. Wajukuu zake waliovaa nguo mpya walichungulia wakadhani nimejipaka masizi kwa kupika. Kila mgeni wa Idd aliletwa mlangoni kunitazama, na Dastani akaja na goti lake kusikiliza jinsi lilivyoponywa. Gavana alipoanza kuachia mfupa, mzee Lukmani, aliyemchinja asubuhi, alifika, akasimama pale, akanyoosha kiganja.

Shingo nilimwekea mkononi, mbele ya mashahidi.