Kurudi kwa Mwalimu Tokimoro

Mwantumu Mhina, fundi cherehani wa Chanika, Handeni, alikuwa mfuasi wa katuni moja ya Kijapani iitwayo Wana wa Radi. Aliianza akiwa kidato cha pili, akaolewa nayo, akazaa nayo, na katuni yenyewe haikuwa na dalili ya kwisha. Mumewe, Awadhi, alishazoea. Alipenda kuwaambia watu kwamba nyumbani kwake kuna mke mwenza wa Kijapani.

Kilichomfunga Mwantumu hasa ni ule msimu aliokufa mwalimu Tokimoro. Huyu ndiye aliyemlea Orime, binti shujaa wa hadithi, akamfundisha upanga. Watunzi walimuua katikati ya vita, halafu wakafanya jambo ambalo mashabiki wengi hawakuwasamehe: vita ikasimama. Sehemu kadhaa zikapita bila upanga kuchomolewa. Orime aliwapikia waombolezaji uji, akaosha bakuli la mwalimu, akalipanga mezani kwa mazoea, kisha akaliondoa. Watu walilalamika kwamba katuni imelala usingizi. Mwantumu alizitazama sehemu hizo mara tu baada ya arobaini ya mama yake, wageni wakiwa wameondoka na masufuria ya kuazima yamerudishwa kwa wenyewe. Akalia kilio ambacho msibani hakukipatia nafasi, maana msibani alikuwa na watu wa kuwalisha.

Sasa, katika msimu mpya, Tokimoro akarudi. Kumbe hakufa; alijificha pangoni ili adui amsahau. Alitokea juu ya paa akitabasamu, Orime akamrukia shingoni, muziki ukapanda, vita ikaendelea.

Kundi la WhatsApp la mashabiki wa Handeni na Korogwe lilifurika shangwe. Mwantumu akaisukuma pembeni suruali aliyokuwa akiipinda, akarekodi sauti. Alisema watunzi wamewakopa watu machozi, kisha wakawacheka kwa kulia. Majibu hayakuchelewa. Mmoja alimwita mama matanga. Mwingine alimshauri awaachie katuni wenye umri wa kuzitazama. Denis, msimamizi wa kundi, kijana wa Ngombezi anayefanya kazi kiwanda cha mkonge, aliandika kwa adabu, ila maneno yake ndiyo yaliyomchoma zaidi: Jumamosi wangeionyesha sehemu hiyo kwenye banda la video pale Korogwe, na kama dada ana hoja, aje aiseme mbele za watu.

Awadhi alimsihi aachane nayo. Alisema hajawahi kusikia Mjapani aliyebadilishwa mawazo na mtu wa Handeni. Mwantumu alimjibu kwamba haendi kwa Mjapani, anakwenda kwa Denis. Jumamosi asubuhi akampeleka mtoto kwa dada yake, akapanda gari la Korogwe.

Banda lilikuwa limejaa vijana, na watu wazima wachache wa rika lake. Sehemu ikaonyeshwa. Tokimoro alipotokea juu ya paa, banda zima likapiga makofi. Mwantumu aliiacha mikono yake magotini. Taa zilipowashwa Denis akamkaribisha mbele, na minong'ono ikapita kwamba ndiye yule mama matanga. Aliisikia. Akatembea hadi mbele.

Aliwaeleza habari ya uji na bakuli. Aliwaambia kwamba katika miaka yote ya katuni ile, pale tu ndipo watunzi walipothubutu kuonyesha kwamba mtu akifa kuna kazi inabaki, na kuna asubuhi ya kesho yake. Mama yake hakuwatajia, ila waliomsikiliza vizuri walielewa.

"Mkisema hakufa," alimalizia, "basi Orime alikuwa anapika uji wa nini?"

Kijana mmoja akasema kwamba watu huja bandani kufurahi. Wengine wakaitikia. Mwantumu akasubiri watulie, akarudia swali lake neno kwa neno.

Ndipo Denis akasimama. Hakuwa na uso wa kushindana. Alieleza kwamba baba yake aliondoka Ngombezi kwenda machimbo ya madini yeye akiwa darasa la tatu, na hadi leo hakuna aliyeleta habari, ya uhai wala ya kifo. Mama yake hajakaa matanga. Akikaa matanga ni kama amemzika mtu aliye hai.

"Kwa hiyo dada, mimi nilipomwona Tokimoro juu ya paa, nilisimama," alisema. "Nilikuwa peke yangu chumbani, nikasimama."

Mwantumu aliona hoja yake imeyumba. Angeweza kuketi hapo, akaomba radhi, na watu wangemsifu kwa ungwana. Lakini hakuwa ameridhika, na aliona kwamba hata Denis hajaridhika.

"Siku baba akitokea mlangoni," alimuuliza taratibu, "utamrukia shingoni?"



"Sijui," Denis alisema. "Nadhani ningemuuliza kwanza alikuwa wapi."

"Na Orime je, amemuuliza?"

Denis akatikisa kichwa. Hapo mjadala halisi ukaanza, na haukuwa tena wa Mwantumu na kundi. Wapo walioshikilia kwamba kurudi ni kurudi, furaha haihitaji maelezo. Wengine wakasema mwalimu mwenye mapenzi asingemwacha mwanafunzi alie miaka yote ile huku yeye yuko pangoni anakula. Msichana wa Kwashemshi akasema yeye angemtandika Tokimoro kofi, ndipo amkumbatie. Mwantumu alikubali mbele ya wote kwamba alikosea kudai mfu asirudi kabisa. Lakini watunzi wamrudishe akiwa na deni la kueleza. Hapo hakurudi nyuma.

Waliachana mchana bila kuafikiana. Wiki iliyofuata sehemu mpya ikatoka, na Orime bado hakuuliza chochote. Baadhi ya watu wakajitoa kwenye kundi kwa kuchoshwa na mabishano. Mwantumu na Denis wakalirekodia kundi sauti moja kwa pamoja kwa simu, yeye akiwa Chanika, mwenzake Ngombezi, wakaieleza sehemu hiyo kama wanavyoona ingepasa kuandikwa: Orime amesimama chini ya paa, upanga umeshuka, anauliza, na mzee anashindwa kujibu. Kisha wakaanza kujiandaa kwa Jumamosi nyingine ya mjadala bandani.