Mstari wa Buluu Juu ya Kichwa cha Dada

Jumamosi asubuhi Dada alikuwa akikwangua ukoko kwenye sufuria kubwa. Sufuria ilipoanza kung'aa alijiona ubavuni mwake, na juu ya kichwa chake akaona mstari wa buluu. Ulikuwa mrefu kama rula ya shule, umelala hewani bila kugusa nywele. Aliinamisha kichwa, mstari ukainama naye. Basi akamaliza kusugua, akasuuza sufuria, akaifudikiza kabatini, kisha akaenda sebuleni kuuliza ni nani aliyemfanyia hivyo.

Maana lazima awepo mtu. Katika nyumba ile Dada hakuwahi kupatwa na jambo ambalo wadogo zake hawakuwa wameshaliamua. Walikuwa watatu: Bonge, aliyeoa na kumleta mkewe hapohapo kwa mama, Msomi, aliyemaliza chuo na bado anangoja kazi ya hadhi yake, na Kitinda, kitindamimba, ambaye ndevu zimejaa kidevu kizima lakini anaitwa mtoto. Asubuhi hiyo wote walikuwa wamekodolea macho kompyuta na simu, wamezama katika ule mchezo wao wa intaneti wa mapango na majoka.

"Ahaa, umeshatokea," Bonge alisema, akautazama mstari kidogo, akarudi kwenye kioo. Hakuutazama tena. "Tulikuandikisha jana. Timu haina mponyaji."

"Mliniuliza?"

"Tulitaka kukurahisishia, Dada."

"Kwa anayeanza hakuna aina ya mchezaji iliyo nzuri kama mponyaji," Msomi alifafanua, kwa ile sauti yake ya kufundisha watu wasioomba kufundishwa. "Unasimama nyuma, hupigwi. Kazi yako ni kutuangalia sisi tu."

"Na hiyo ni kazi mpya?"

Kitinda alicheka, akidhani ni utani, akanyoosha mguu. Alikuwa amejigonga kidole kwenye meza. Dada alikishika kidole ili akitazame, na kiganja chake kikatoa mwanga mweupe, kama ule wa friji ikifunguliwa. Uvimbe ukanywea. Kitinda akasema asante na kuomba chai. Juu ya kichwa cha Dada mstari ulikuwa umepungua kidogo upande wa kulia.

Hivyo ndivyo ilivyoanza, na kusema kweli hakuna aliyeshangaa. Watu walikuwa wameshazoea kumpelekea Dada vilivyoharibika. Sasa walimpelekea zaidi, basi. Bonge alileta mgongo wake, uliouma kwa kukaa. Msomi alileta kichwa, kilichouma kwa kufikiri. Majirani walileta meno, magoti, na watoto wasiolala. Mama, aliyekuwa na nyonga mbovu na kushinda kitandani, alimwita kila asubuhi kabla ya yote. Uponyaji ule ulidumu hadi kesho yake tu, kisha maumivu yalirudi, na watu wakarudi nayo. Mstari ulipungua kwa kila mtu. Ulijaa tena pale tu Dada alipokaa, na nyie mnajua nyumba ya namna hiyo inamkalisha nani. Ukibaki kipande kidogo uligeuka mwekundu na kuanza kuwakawaka. Ulikuwa hapo, waziwazi, shibiri moja juu ya macho ya kila aliyezungumza naye, na hakuna aliyenyanyua uso.

Kiwandani mambo yalikuwa yaleyale. Dada alifanya kazi katika kiwanda cha kushona sare, kwenye meza ya marekebisho. Kola iliyoshonwa kichwa chini, mkono wa kushoto uliowekwa kulia, mfuko ulioziba, vyote vililetwa kwake. Aliyeharibu aliendelea kuharibu, na Dada alifumua na kushona upya. Meza aliyoitamani ilikuwa nyingine, ile ndefu karibu na madirisha, ya kukatia. Huko kitambaa kinafika kizima, hakijaguswa na mtu, na mkataji ndiye anayeamua kitakuwa nini. Dada alijua kukata tangu utotoni. Alipopita karibu na meza ile na kusikia mkasi ukila kitambaa, moyo ulimwenda mbio, na akiwa mtu mzima hivyo alijionea aibu.

Sasa mkataji wa zamani alikuwa ameacha kazi, na msimamizi akatangaza kwamba anayetaka nafasi hiyo ajaribiwe Jumatatu.

Jumapili Dada alisema nyumbani, mbele ya wote, tena kwa sauti: "Kesho nina jaribio. Leo naomba nisiguse mtu. Nataka mstari ujae."

"Haina neno, Dada," walisema wote, na hata Mama kutoka chumbani alisema haina neno.

Alikaa. Mstari ulijaa hadi jioni, ukawa buluu tupu. Jumatatu asubuhi Mama alimwita kwa ajili ya nyonga, maana kumgusa Mama hakuhesabiwi. Bonge akasema mgongo wake ni dakika moja tu. Msomi akasema kichwa chake ni kidogo kuliko mgongo wa Bonge. Mlangoni alikuwapo jirani na jino. Getini mwa kiwanda walisimama wenzake wawili waliochomwa na sindano, wote wakisema, "Haraka tu, shoga, nisije nikatia damu kwenye kitambaa." Dada alipofika kwenye meza ndefu mstari ulikuwa mwekundu, unawakawaka.

Alishika mkasi mkubwa. Vidole vyake havikuwa na nguvu ya kuufumba. Akakaza meno, akaufumba, mkasi ukateleza nje ya chaki na kupasua mgongo wa shati kuanzia kola hadi chini. Msimamizi alisimama karibu naye sana, hata ule wekundu ukawa unawaka na kuzima kwenye upara wake.

"Unaona, mama," alisema, na hakuwa na ubaya wowote, ndiyo maana ilikera zaidi. "Kukata kunataka nguvu. Wewe Mungu kakupa mkono wa kurekebisha. Kila mtu na mahali pake." Kisha akazungusha bega lake akikunja uso. "Na ukiwa hapo, hebu nishikie hapa. Limekaza tangu jana."

Na Dada akamshikia! Hilo ndilo lililomchoma kuliko shati. Mkono wake ulikwenda wenyewe, ukatoa mwanga hafifu, bega la msimamizi likalegea, na mstari ukazima kabisa. Alirudi kwenye meza ya marekebisho, na juu yake akalikuta lile shati alilolipasua, linamngoja alirekebishe.

Aliondoka kazini amefura. Njia nzima alizungumza peke yake, na watu walimpisha. Alipoingia sebuleni hakuvua viatu.

"Umekuja wakati mzuri," Bonge alisema. "Tunaingia pangoni. Ukifika kiwango cha kumi leo, utaponya watu wawili kwa mpigo."

"Mbona lazima iwe leo? Kabla ya kiwango cha kumi mtu anaruhusiwa kufanya nini?"

Wakatazamana. Kitinda, ambaye hajui kudanganya, akasema, "Kubadilisha aina. Mara moja tu."

"Toka kwenye kiti."

Kitinda alitoka. Kompyuta ilidai nywila, na Dada hakumwuliza mtu. Katika nyumba ile kufuli la geti, simu ya Bonge, barua pepe ya Msomi, vyote vilifunguliwa kwa neno moja, kwa sababu ndilo walilotamka mara nyingi kuliko yote kwa siku. Aliandika dada, mlango wa mchezo ukafunguka.

Aina zilisimama kwenye kioo kwa mstari. Mponyaji: inawafaa wanaoanza na wanaopenda kusaidia. Mbeba ngao: hupokea mapigo ya wenzake. Dada alizipita hizo mbili, akapita mpiga mishale na mchawi wa moto, akasimama kwa mpiga upanga. Chini yake palikuwa na maelezo: ngumu kwa anayeanza, hufa mara nyingi.

"Hiyo usichague," Msomi alisema. "Si umeona wenyewe wamekuonya? Utakufa kila dakika."

"Nimeshazoea kufa. Sasa nife nimeshika kitu."

"Na timu je? Nani atatuponya?"

"Jiponyeni."

"Dada, hebu tumia akili," Bonge alisema. "Ukishabadilisha huwezi kurudi."

"Afadhali," Dada alisema, akabonyeza.

Mstari, ambao ulikuwa umeanza kujaa kidogo, ulitoweka. Bonge akashika kiuno papo hapo na kupiga kelele. Upanga haukuwa mkononi mwa Dada wala mezani. Waliutafuta, na mke wa Bonge ndiye aliyeuona nyuma ya mlango, kati ya fagio na mwavuli, utadhani umewekwa hapo tangu nyumba ijengwe. Ulikuwa upanga wa anayeanza, hauna nakshi, na karibu na mpini una pengo dogo.

"Huu ni mzito, wifi," mke wa Bonge alisema akimpa. Alichelewa kidogo kuuachia.

Dada aliupeleka chumbani kwa Mama, maana alijua ndiko kesi itakakosikilizwa. Mama alimtazama juu ya kichwa, palipokuwa tupu.

"Umeuondoa," alisema.

"Kumbe ulikuwa unauona?"

"Kwa nini nisiuone? Mimi nilikuwa nao. Wangu ulikuwa mfupi kuliko wako, na nilizaa nao wanne." Mama alijigeuza, nyonga ikamkata, akatulia kwanza. "Baba yenu aliniambia ninaota. Nikakubali kwamba ninaota." Kisha akasema, kwa sauti ileile, "Na kesho nani atanishika?"

Dada alimpenda mama yake, na upanga ule usingemsaidia mtu yeyote kulala.

"Nitakukanda Jumatano na Jumapili, kwa mikono ya kawaida," alisema. "Siku nyingine una watoto watatu wenye mikono."

"Hawajui kukanda."

"Na mimi sikuzaliwa ninajua."

Mama aligeukia ukutani, akakasirika hadi wakati wa kula.

Kesho yake Dada alikwenda kazini na upanga kiunoni, ndani ya ala aliyoishona kwa vipande vya sare. Mlinzi wa geti alimwambia asiuburuze kwenye sakafu iliyopigwa deki. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ndefu, akatandaza kitambaa, tabaka juu ya tabaka, akapiga chaki, akauchomoa. Upanga uliteremka kwenye chaki bila kusitasita na kutoa migongo ya mashati iliyolingana, ukingo wake umenyooka hata ungeweza kuupimia rula. Msimamizi aliikagua mmoja mmoja.

"Nzuri," alisema. "Nzuri sana. Lakini nafasi imeshajazwa." Akamwonyesha mpwa wake, aliyekuwa anatafuta mkasi unashikwa wapi. "Tena huo ni upanga. Hapa tunakatia mkasi."

Mchana kazi za mpwa zilianza kumiminika kwenye meza ya marekebisho: suruali yenye mguu mmoja mpana, koti lisilo na mahali pa kutokea shingo. Dada alizikunja vizuri zote, akazibeba hadi meza ndefu, akazitua mbele ya mpwa.

"Aliyekata arekebishe."

"Mimi sijui kurekebisha, mama."

"Mwenyewe nilijifunzia kwenye makosa ya watu. Wewe una bahati, utajifunzia kwenye yako."

Rundo lilikaa pale. Kesho yake lilikuwa refu kumpita mpwa, naye akawa anakata nyuma yake, haonekani. Msimamizi alilizunguka akienda ofisini kwake. Hakumwondoa mpwa, hakumpa Dada meza, na bega lilipomrudia alimwomba Dada mara moja tu. Dada aliweka mkono kwenye mpini. Akasema pole, akaenda kuketi kwenye meza yake, iliyokuwa tupu na safi.

Nyumbani nako hakuna aliyebadilika. Bonge alitembea ameinama. Siku ya kwanza Kitinda aliuliza kama upanga ule unaweza kukata vitunguu. Dada akasema unaweza sana, akauacha palepale kiunoni, na vitunguu vikabaki vizima. Nyumba nzima ililala na njaa, na Dada alilala kama gogo.

Jumapili iliyofuata alikwenda jikoni kuchemsha maji ya kumkandia Mama. Mke wa Bonge alikuwa ameinamia sufuria kubwa, anakwangua. Juu ya kichwa chake mstari wa buluu ulikuwa umelala hewani, na upande wa kulia tayari umeliwa.

"Wameniandikisha jana, wifi," alisema bila kugeuka. "Wanasema ni rahisi kwa anayeanza. Nimemwonyesha mume wangu, kasema unanipendeza."

"Mponyaji!" Bonge aliita kutoka sebuleni. "Mgongo!"

Mke wa Bonge akaanza kufuta mikono.

Dada alizima jiko. Akamshika mkono, ambao bado ulikuwa na povu, akaingia naye sebuleni. "Kitinda, toka kwenye kiti," alisema, na Kitinda alitoka kwa mazoea. Dada akasimama kati ya kiti na wadogo zake, mgongo kwenye kiti, uso kwao, akauchomoa upanga kwa mkono wa kushoto na kuukinga mbele yake.

"Dada, bwana! Huyu ni mke wangu," Bonge alisema.

"Ndiyo maana nasimama upande huu. Wifi, kaa. Chagua."

"Wamebadilisha nywila," mke wa Bonge alisema.

"Jaribu 'shemeji', ndilo wanaloita siku hizi."

Ikafunguka. Mke wa Bonge alivuta kiti karibu, akaanza kuzisoma aina kutoka juu, moja moja, wala hakuwa na haraka. Wanaume watatu walikaa kumngoja, mmoja kashika mgongo, mmoja kichwa, mmoja kidole. Baada ya kitambo Msomi alimwinamia Bonge, akamwuliza kwa sauti ya chini kama binti wa jirani ameshajiunga na mchezo, maana timu itakosa mponyaji.

Dada alimsikia. Akauhamishia upanga mkono wa kulia, wenye nguvu zaidi.